Aliyelala Chini ya Meza

Harufu ya mvua iliingia chumbani mwezi wa saba, wakati ambapo Lubumbashi haina hata wingu la kuazima. Dorine Chama aliamka nayo puani alfajiri moja, akadhani mdogo wake amepindua bidoni ya maji. Akapapasa sakafu kwa mkono. Ilikuwa kavu, na lile vumbi jekundu ambalo watu wa Kasapa, mtaa wa chuo kikuu, hulioga, hulila na kulilalia tangu mwezi wa tano lilikuwa palepale.

"Nono, unasikia harufu ya mvua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yaya, lala," mdogo wake alijibu kutoka mkekani. "Mvua gani ya mwezi wa saba?"

Yaya ndilo jina ambalo mdogo humwitia dada yake mkubwa katika mji ule, na Nono alilitumia kwa kila jambo. Akitaka sabuni ni yaya, akiogopa mtihani ni yaya, akiitwa mvivu ni yaya ya kununa. Mama yao, muuza mikate wa Ruashi, siku alipomleta Nono chuoni alimshika Dorine mkono mbele ya lango na kumwambia, "Minakuachia mutoto wangu. Vile unamubeba, njo vile utamurudisha." Dorine alicheka, maana mtoto mwenyewe alikuwa mrefu kuliko wao wote wawili. Lakini neno la mama ni neno la mama, na tangu siku ile alilibeba.

Chumba chao kilikuwa cha mwisho katika bweni la wasichana, na kilijengwa kwa wanafunzi wawili. Wenye vitanda walikuwa Dorine, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sheria, na Abigaëlle, binti wa mfanyabiashara wa maharage aliyetoka Butembo. Nono alikosa kitanda, kwa hiyo akawa kile wanafunzi wanachokiita maquisard, yaani mtu anayejificha kwa mwenye kitanda, hulala chini, huamka mapema na kukunja mkeka wake. Karibu kila chumba kilikuwa na wa kwake. Chuo kikuu cha serikali ni kama chungu cha msibani, kila anayefika lazima apate tonge.

Maquisard ana adabu zake. Haketi kitandani kwa watu, hapandishi sauti, hasubiri kuambiwa aoshe vyombo. Nono alikuwa na adabu moja zaidi, ambayo yeye na dada yake walifundishwa na mama tangu wadogo. Akimaliza kula alisafisha sahani, akaipindua kifudifudi, akaweka kikombe juu ya mgongo wake, ndipo alipoondoka. Wenye vitanda nao wana adabu yao, nayo ni kubwa kuliko zote: maquisard haulizwi ni wa nani. Kumuuliza ni kumfukuza. Mwenye ruhusa hiyo ni delege, mwanafunzi anayesimamia bweni, peke yake, siku anapopita kukagua, na hapo mwenye kitanda husema, "Uyu ni wangu," na maneno yameisha.

Kwa hiyo siku mkeka wa pili ulipotokea chini ya meza, Dorine hakuuliza.

Aliyelala pale alikuwa mwembamba, amejifunika hadi kichwani, uso ameuelekeza ukutani. Wakiondoka asubuhi wanamwacha, wakirudi jioni wanamkuta. Dorine alifikiri ni wa Abigaëlle. Ndugu zake wengi walikuwa wanakimbia vita kule Kivu ya Kaskazini, na mtu aliyekimbia vita aachwe alale mpaka usingizi umtoshe mwenyewe. Alipunguza bukari, yaani ugali, kwenye sinia yao, akaweka na sombe kidogo, mboga ya kisamvu, akafunika kwa sahani nyingine na kuisukuma chini ya meza. Jioni sahani ilikuwa tupu, ukingoni ina alama ya udongo mwekundu, mbichi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanafunzi wana jembe gani? Waliendelea kumpa bukari.

Kisha wakaanza kusikia kutafuna. Ilikuwa sauti ndogo isiyo na haraka, kama ya mchwa ndani ya mlango wa zamani, na ilisikika zaidi umeme ukikatika, wakati wasichana wote wa bweni wanasubiri taa zirudi na kila mtu amenyamaza. Siku moja Dorine alifungua kitabu chake kikubwa cha sheria akakuta jalada ni zima na ndani hamna kurasa, mmejaa vijia vya udongo mwembamba, na udongo ule ulinuka mvua.

"Ni mchwa wa kichuguu," Nono alisema akicheka. "Banavunja nyumba yabo, sasa banakuya kupanga kwetu."

Alikuwa anasema juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya bweni, nje ya ukuta, kirefu kuliko nyumba, na miti imeota juu yake. Mwezi wa sita wachoma matofali walikikata, kwa kuwa udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali gumu. Wenyeji wa Kasapa waliwaambia waombe kwanza kwa mwenyewe anayekaa ndani. Wale wakauliza kama mwenyewe ana hati ya kiwanja, wakacheka, wakaendelea na majembe yao. Nono alikuwa amesimama dirishani siku ile. "Masikini," alisema. "Sasa mwenye nyumba atalala wapi?"

Léonie, delege wa bweni, alipita kukagua Jumamosi moja mchana. Dorine alikuwa mezani anasoma, kichwa kimejaa mtihani. Mkeka wa chini ya meza ulikuwa umekunjwa. Kwenye mkeka wa Nono, pembeni mwa kitanda, mtu alikuwa amelala amejifunika kitenge cha kijani cha Nono, kile alichopewa na mama.

Léonie alisimama mlangoni. "Uyu ni wa nani?"

"Iko wangu," Dorine alijibu bila kuinua macho. "Ni mudogo yangu. Mama moya, baba moya."

"Kweli?"

"Kweli, mbele ya Mungu. Léonie, uniache nisome."

"Basi iko wako. Unayua sheria ya hapa: mwenye kitanda, maquisard mumoya. Nikikuta wa pili, minamutosha inje."

Akaenda zake. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, lakini nani alijua kama pale palikuwa na jiwe? Dorine alirudi kwenye kitabu. Alisoma mistari michache, ndipo mlango ukafunguka na Nono akaingia na bidoni ya maji begani, viatu vyake vyekundu vya plastiki vinalia kwa unyevu.

"Yaya, ku bomba kuko bantu mingi," alisema. Halafu akaona kitenge chake.

Wote wawili waliangalia mkekani. Kile kilichokuwa chini ya kitenge kilivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyepewa habari njema, kikajigeuza kuelekea ukutani.

Abigaëlle aliporudi alikuta ndugu wawili wamesimama kwenye ukumbi, wameshikana.

"Ule ndugu yako," Dorine alimnong'oneza. "Ule analala chini ya meza. Anaitwa nani?"

Abigaëlle alimtazama. "Ndugu yangu? Si iko wako? Miye minawaza anatoka Ruashi."

"Apana."

"Dorine, usinicheze."

"Minaapa, si wetu. Nono, ulisema naye siku moya?"

Nono alitikisa kichwa. "Nilisalimiaga. Haitikiaga."

Walisimama pale mpaka jua likashuka, na hakuna aliyekuwa tayari kuingia kwanza. Walipoingia, mikeka yote miwili ilikuwa imekunjwa na chumba hakina mtu. Walicheka kidogo, kicheko cha kujipa moyo. Lakini harufu ya mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba Abigaëlle alifungua dirisha.

Tangu siku ile Nono alianza kupungua. Si mwili, mwili ulibaki uleule, ni nafasi yake duniani iliyopungua. Mama wa kantini alihudumia aliyekuwa mbele yake, kisha aliyekuwa nyuma yake. Darasani aliinua mkono hadi bega likamuuma, na mwalimu akasema hakuna mwenye swali. Léonie, ambaye walikuwa wakisukana nywele kila mwezi, alikutana naye kwenye ukumbi akamuuliza kwa upole, "Mama, weye ni wa nani?" Nono alirudi chumbani akajifunika uso.

"Yaya, minakosa nini?" alilia. "Bantu bananitazama sawa dirisha."

"Hukose kitu. Ni uchovu. Itapita," Dorine alimwambia, na hakuamini hata neno moja alilolisema.

Alimpigia mama simu, akamkabidhi Nono. Nono alisema, Mama, ni miye, akasema tena, akasema kwa kulia, na Dorine aliyeketi karibu alisikia vizuri sauti ya mama upande wa pili ikiuliza mbona simu ina mchanga, mbona inatoa sauti ya kutafuna, na mwisho, "Dorine, unipe Nono. Minasikia paka upepo, upepo tu." Kabla Dorine hajapokea simu, kutoka chini ya meza, pale ambapo mkeka ulikuwa umekunjwa na hapakuwa na mtu, sauti ya mdogo wake, ileile ya kununa, ileile ya kuomba sabuni, ilisema polepole kama mtoto anayejaribu viatu vya mwenzake, "Ma-ma. Ni mi-ye." Na mama akacheka kwa furaha akasema, "Aah, mutoto wangu, sasa minakusikia."

Dorine alipandisha miguu yake kitandani. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na katikati ya hofu hiyo alimwona mama yake amesimama kwenye lango la chuo, anamshika mkono.

Ni Abigaëlle aliyemleta baba yake. Papa Nzanzu aliuza maharage kwa jumla, alikuwa na malori mawili na sauti ya kupita malori hayo, na katika kundi lake la maombi walimsifu kwa kufukuza mapepo. Alikuja mchana, unga wa magunia ukiwa bado mabegani. Alisikiliza kila kitu ameketi kitandani kwa binti yake, akauliza mkeka uko wapi, akautandika mwenyewe katikati ya chumba.

"Bana, musiogope," alisema. "Pepo ni maquisard tu. Anaisha kukosa nyumba, sasa anajificha mu nyumba ya wengine. Tutamutosha. Nono ni nani kati yenu?"

Nono alikuwa amesimama mbele yake kabisa. Dorine alimshika mkono akauinua. "Ni uyu, Papa."

"Aah," Papa Nzanzu alisema akikunja macho, kama mtu anayetafuta uzi kwenye sindano. "Sawa. Mufunge macho, tuombe."

Walifunga macho, kama watu wanavyofunga katika maombi. Dorine aliushika mkono wa Nono kwa nguvu. Papa Nzanzu alianza kwa sauti ya chini, akapanda, akapanda tena mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, na kadiri alivyopanda ndivyo harufu ya mvua ilivyopanda naye, ikawa ya udongo uliochimbwa sasa hivi, ikawa ya shimo, na kutafuna kukatoka chini ya meza kukazunguka ukuta wote, kukapita nyuma ya migongo yao, kukaja kusimama upande wa kushoto wa Dorine, karibu na sikio.

"Ewe pepo, nani alikuleta hapa?" Papa Nzanzu aliuliza.

"Ni yaya yangu," ilijibu sauti ya Nono. Na mkono wa Nono, upande wa kulia, uliubana mkono wa Dorine, maana hakuwa yeye aliyesema.

"Muinue mikono yulu," Papa Nzanzu aliamuru. "Kila muntu. Mikono yote miwili, mumupe Mungu."

Dorine aliuachia mkono ule. Kosa lenyewe ni dogo hivyo, mtu ameambiwa ainue mikono akainua.

"Kwa jina ya Yesu," sauti ya Papa Nzanzu ilinguruma, "ule asiye na mama, asiye na ndugu mu chumba hiki, atoke. Atoke na asirudi."

Na Dorine, aliyesoma sheria miaka yote hiyo, aliyefundishwa kwamba ushahidi ukishatolewa kwa kiapo hauwi tena mali ya aliyeutoa, alielewa maneno yale kabla hayajaisha kutoka, akaelewa kwamba kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya Mungu, mama mmoja na baba mmoja alikwisha kumpa yule aliyelala chini ya kitenge, na kwamba asiye na mama wala ndugu mle ndani hakuwa yule aliyekuwa kushoto kwake. Alitaka kupiga kelele. Kinywa kilijaa ladha ya udongo. Alisikia mlango unafunguka, akasikia viatu vya plastiki vinatoka polepole, bila kutaka, kama mtu anayesukumwa mgongoni na watu wengi, na sauti ndogo ikisema kwenye ukumbi, yaya, yaya, mpaka ikawa mbali.

"Amina," Papa Nzanzu alisema.

Dorine alifumbua macho. Chumba kilikuwa kimetulia, kinanuka sabuni na makaa. Abigaëlle alikuwa analia kwa shukrani. Na kushoto kwake alisimama mdogo wake, mrefu vilevile, nywele zilezile alizosukwa na Léonie, kitenge cha kijani kiunoni. Alikuwa peku.

"Yaya," alisema akitabasamu. "Minapona."

Dorine alikimbia nje. Kwenye vumbi la ukumbi kulikuwa na alama za viatu vya plastiki, zimeshuka ngazi, zimepita nyuma ya bweni, zimepenya mahali ukuta ulipobomoka hadi kwenye kichuguu kilichokatwa. Pale ziliishia. Udongo wa shimo ulikuwa umelowa, na anga juu ya Kasapa lilikuwa jeupe kwa kiangazi. Aliita hadi sauti ikakauka. Wachoma matofali walimwangalia, mmoja akamuuliza kama amepoteza mbuzi.

Aliporudi alimweleza Abigaëlle. Rafiki yake alimshika mashavu. "Dorine, Nono iko hapa. Angalia. Anakula." Na kweli alikuwa anakula.

Waliofiwa wana kaburi, Dorine hakuwa na kitu. Alikuwa na mdogo anayemwita yaya, anayejua nyimbo zao za utotoni, anayemkumbatia usiku kwa mikono ya joto. Kilichomtisha zaidi ni kwamba alianza kuzoea. Asubuhi nyingine alijikuta anamsuka nywele, anacheka naye, na ilimbidi asimame kitambo akumbuke ni kitu gani alichokuwa analilia jana.

Mtihani ulipoisha walikwenda Ruashi. Mama aliwapokea mlangoni, akamzungusha mdogo kama anayepima kitambaa.

"Nono, unanenepa. Dorine, aksanti. Vile nilikupatia, njo vile unamurudisha. Unaongeza na kilo."

Dorine alilia, na mama alifikiri ni furaha.

Walikuwa wanakula uani, bukari na samaki, jua bado liko juu, wakati mtu alipogonga lango la bati. Aligonga taratibu, kama mtu asiye na uhakika kwamba bati litatoa sauti.

"Ni nani?" mama aliuliza. Hakuna jibu alilolisikia. "Dorine, enda uone. Uyu ni wa nani?"

Dorine alikwenda. Chini ya lango, katika nafasi ile kati ya bati na ardhi, aliona viatu vyekundu vya plastiki, vimepasuka, vimejaa udongo hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Yaya," sauti ilisema. "Ni miye. Minachoka kutembea. Useme tu, yaya. Useme miye ni wako."

Alikuwa na neno hilo kinywani. Alikuwa amelibeba tangu siku ya shimo, amelilalia na kuamka nalo. Alishika bati kwa mikono miwili akasema kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mama asikie, mtaa usikie: "Ni Nono. Ni Nono, mudogo yangu."

"Miye hapa, yaya," iliitika sauti mezani, nyuma yake. "Kuya ule, chakula inapoa."

Mama alicheka. "Utoto huo. Muko munachezaka nini? Ni muntu gani ku mulango?"

Dorine alisimama akaangalia viatu vile. Alijaribu tena, na safari hii jina lilipofika kwenye ulimi hakujua tena ni la nani. Alijua tu kwamba moyo unamuuma.

"Siyue, Mama," alisema. "Ni muntu."

"Kama anagonga wakati wa kula, iko na njala," mama alisema. "Mumupatie. Na musimuulize ni wa nani, haya itamushika."

Yule mdogo aliyekuwa mezani ndiye aliyepakua. Alipakua vizuri, akachagua kipande kikubwa cha samaki, akafunika kwa sahani nyingine na kumkabidhi Dorine bila kumwangalia. Dorine aliipitisha chini ya lango, na kikombe cha maji. Mikono iliyopokea ilikuwa na baridi. Alirudi kuketi na wenzake wakamaliza kula, mama akisimulia bei ya unga ilivyopanda Ruashi.

Baadaye alikwenda kuchukua vyombo. Hapakuwa na mtu barabarani. Sahani zilikuwa zimesafishwa kwa maji ya kunywa, zimepinduliwa kifudifudi juu ya vumbi, na kikombe kimewekwa juu.